Hukuzaliwa Juu ya Kitanda Hiki

Shamsa,

Miaka minne. Kutoka Kisimayu mpaka hapa Chula ni nusu siku kwa boti ya mashine, na wewe umeifanya safari ya Hijja. Ng'onda wangu, samaki wakavu hawa, wamefika Kisimayu mara nyingi kuliko ulivyofika wewe hapa. Ulipoolewa uliniambia utakuja baada ya mfungo. Mifungo minne imepita, nimeihesabu. Halafu Jumamosi nakuona unateremshwa botini, wanaume wawili wamekushika mikono, tumbo liko mbele, na hata salamu hujanipa unasema, "Bibi, nimekuja kuzalia kwetu." Leo Jumatano nakuambia kesho urudi ulikotoka. Umenuna, umekwenda kukaa kwa jirani tangu adhuhuri, na wali wangu umeuacha sinia zima. Kununa una haki. Wali huna haki ya kuuacha, lakini nimekusamehe.

Sasa ni alasiri. Mimi nasema na mama yako anaandika, maana kalamu mimi naishika kama mwiko. Nimemwambia Amina aandike kila neno kama lilivyotoka, asinisafishe. Ananiambia, "Mama, si ungemwita ukamwambia kwa mdomo?" Nikamwambia kwa mdomo nimeshindwa miaka ishirini na mbili, leo nitaweza vipi? Mdomo wangu ukikuona unageuka, unasema mengine. Na tena karatasi hii nataka uende nayo. Utaona kwa nini.

Habari za kufunga mizigo na kula na kulala sikwambii. Mama yako atakuwa nawe botini, atakuchosha kwa hayo.

Ulipotoka mlangoni kwa hasira ulisema, "Bibi, unanifukuza kwenye nyumba niliyozaliwa mwenyewe." Hilo ndilo neno lililoniketisha chini.

Shamsa, hukuzaliwa katika nyumba hii. Kitanda kile cha kamba, kile nilichokuwa nikikionyesha kwa mkono tangu ukiwa unatambaa, nikisema hapa ndipo ulipotokea, hukuzaliwa juu yake. Ulizaliwa hospitali Kisimayu, ukatolewa kwa kisu. Lile kovu la mama yako, ulilouliza ukiwa na miaka saba tukakwambia ni la kidole tumbo, wewe ndiwe uliyetokea hapo.

Nitakueleza toka mwanzo, ukae utulie.

Mama yako alipokuwa na mimba yako alikuwa akikaa Kisimayu kwa baba yako, karibu na hospitali, unatoka mlangoni unaiona. Alikuwa akienda kupimwa. Walimpa kadi. Mwezi wa saba ulipoingia, mimi nikapeleka neno: mwana wa kwanza hazaliwi kwa wachu, kwa watu wengine, anazaliwa kwa mama. Kwetu ndivyo. Mimi nilizaliwa hapa, mama yangu alizaliwa hapa, na bibi yangu. Mtu mke akizalia kwa mumewe mimba ya kwanza, watu husema kwao hakuna mtu, au kwao hawampendi. Baba yako alisita. Alisema, "Mama, mkunga anataka kumwona kila wiki." Nikamwambia, mwanangu, mimi nimezaa saba bila kuonwa na mtu. Nilizaa saba, kweli. Wanne ndio waliokua. Hiyo nusu ya pili ya maneno sikuisema.

Basi akaja. Mwanamke aliyekuwa karibu na daktari, mimi nikamleta mahali pasipo na daktari, tena nikapiga vigelegele ufukweni.

Alikuja amenenepa. Uso umejaa, mikono imejaa, miguu haiingii katika ndara. Wanawake wa mtaa walipomwona walisema, "Amina amenawiri, huyo ni mtoto mume." Na mimi nilifurahi kama mjinga. Nilidhani ni chakula changu. Ile kadi alinipa nimwekee. Nikaitazama, ina mistari na tarakimu, na tarakimu za mwisho zimepigwa mstari mwekundu chini yake mara mbili. Mimi wekundu nikaona ni pambo. Nilikuwa na mtungi wa samli hauna kifuniko, nikaikunja kadi nikafunika samli.

Mama yako anacheka hapa. Cheka, Amina. Andika kwamba umecheka.

Siku ya nane akaamka na kichwa. Akasema kinampiga mbele, juu ya macho, na anaona vimulimuli. Nikamfunga kichwa kwa leso, nikaikaza. Nikaenda kwa mwalimu akaandika kombe, nikamnywesha. Sikwambii kombe ni kosa, maneno ya Mungu hayana kosa. Kosa ni kukaa na kombe peke yake, ukaacha sababu ambazo Mungu huyo huyo ameziweka duniani. Ikawa kama adhuhuri akaniambia, "Mama, nirudishe Kisimayu. Boti ipo?"

Nikamwambia haipo.

Shamsa, boti ilikuwepo. Ilikuwa inapakia papa mkavu, na nahodha alikuwa mtoto wa ndugu yangu, asingenikatalia. Nilimwambia mama yako haipo kwa sababu niliona aibu. Siku nane tu nimemleta kwa vigelegele, leo nimrudishe? Watu wangesema nini? Nilifikiri kichwa tu, kitalala, kitaamka.

Hapa mama yako ameweka kalamu chini. Ameondoka, amekwenda kunywa maji. Hilo nilikuwa sijamwambia. Nimekaa peke yangu na karatasi nisiyoweza kuisoma.

Amerudi. Ameniambia, "Nilijua, Mama. Niliisikia mashine yake ikiondoka." Nikamuuliza, mbona hukusema siku zote? Akasema, "Ungefanya nini?" Kisha akaniambia, "Endelea, wino unakauka." Basi naendelea. Mimi na mama yako tutakuwa na maneno yetu baadaye, au hatutakuwa nayo. Huyu hakuwahi kunilaumu hata siku moja, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikinichoma.

Kabla ya alfajiri alianguka degedege. Macho yamegeuka, meno yameuma ulimi. Mimi nilidhani ni shetani, nikamshika kichwa nikasoma ninachokijua. Babu yako hakusoma wala hakungoja. Alikwenda kumwamsha ndugu yake, wakambeba Amina juu ya mlango, waliung'oa mlango wa jikoni, wakamweka katika boti yao ya kuvulia wakamfunika turubali. Mtaa ulikuwa bado haujaamka. Karibu na kisiwa cha Koyama mashine ikanyamaza, petroli imekwisha. Watu wa Koyama walitupa petroli ya kwao, na mwanamke mmoja akaingia majini mpaka kiunoni kunipa maji ya kunywa. Simjui jina. Namwombea kila Ijumaa.

Hospitali walimchoma sindano ya kuzuia degedege, wakampima mkono kwa ile mashine inayobana. Muuguzi alikuwa msichana wa Kisomali, mdogo kuliko wewe sasa, na Kiswahili anakijua cha sokoni. Akaniita hooyo, mama kwa lugha yao. Akasema, "Hooyo, kadi yake iko wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi, tutume mtu?"

"Chula. Imefunika samli."

Alinitazama. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Akaniambia hii si homa wala si shetani, hii ni presha ya mimba, ikipanda sana inaleta kifafa, na dawa yake ya kweli ni mtoto kutoka. Asipotoka mtawakosa wote wawili. Babu yako akaweka kidole gumba kwenye karatasi, wakakutoa.

Nilikuwa nimeona watoto wengi, Shamsa, lakini wewe sikujua nikuite nini. Ulikuwa na uzito wa kuku wa kienyeji aliyenyonyolewa. Mgongoni una manyoya. Masikio yako yalikuwa laini kama kitambaa, likikunjika halirudi, mpaka ulikunjue kwa kidole. Hukulia, ulikoroma. Kila ukivuta pumzi mbavu zinaingia ndani, zinatoka, zinaingia. Nikamuuliza yule msichana, huyu ni wa miezi saba na nusu, mbona anafanana na wa sita?

Akanichukua akanionyesha kondo la nyuma ndani ya karai. Mimi kondo nayajua, nimeyafukia mengi. Hilo lilikuwa dogo, gumu, lina mabaka meupe. Akasema presha ya mama inabana mishipa inayopeleka damu kwenye kondo. Damu ikipungua, chakula cha mtoto kinapungua, na hewa yake inapungua, tangu wiki nyingi nyuma. "Huyu hakuja mapema tu, hooyo," akasema. "Amekuja mapema na njaa yake."

Neno hilo sijalisahau. Mimi nilikuwa nikimlisha mama yako samli na wali na samaki, namwona amejaa, na wewe ndani una njaa.

Na njaa hiyo haikwisha kwa kuzaliwa. Ulikuwa hujui kunyonya, maziwa tulikutia kwa mpira wa puani, kidogo, kama mtu anayetia mafuta taa. Usipopewa kwa saa yake sukari ya mwilini inashuka, unalegea. Siku ya tatu ukageuka manjano wakakuweka kwenye taa. Siku ya tano ukapata homa ya damu. Yule msichana akasema watoto wa mama mwenye presha mara nyingine wanazaliwa askari wao wa damu ni wachache, kwa hiyo mtu yeyote mwenye mafua asisogee. Baba yako alikuwa na mafua. Alikaa nje ya dirisha siku sita, akikutazama kwa kioo, akipunga mkono kana kwamba unamwona.

Na baridi. Kisimayu, jua linapasua mawe, na wewe unakufa baridi. Mashine ya joto ilikuwa moja, na ndani yake walikuwa wawili tayari. Mama yako alikuwa hajafumbua macho. Yule msichana akaniambia, "Hooyo, vua." Nikamwambia nivue nini? Akanifungua kifua mwenyewe, akakulaza hapo, ngozi kwa ngozi, miguu imekunjwa kama chura, akatufunga wote wawili kwa leso yangu. Ile ile niliyomfungia mama yako kichwa. Akasema, "Wewe sasa ndiwe mashine."

Nilikuwa mashine siku kumi na tisa. Nililala nimekaa. Niliogopa kukohoa. Nilijifunza pumzi zako, na zikisita nilikugusa unyayo ukakumbuka kuvuta. Mara nyingi ulisita, Shamsa. Mara nyingi nilikugusa. Ndiyo maana mpaka leo ukilala karibu yangu nakushika unyayo, unanipiga teke ukisema Bibi una wazimu. Sina wazimu. Nahesabu.

Mama yako alipoamka alibaki haoni vizuri mpaka wiki ya pili. Presha yake haikurudi chini kabisa. Vile vidonge anavyokunywa asubuhi ni vya tangu siku hizo. Na wewe ulikuwa mtoto wa kifua, kila kusi likianza unakoroma. Ulitembea wakati wenzako wanakimbia. Nikawa naogopa upepo, naogopa vumbi, nikakufungia ndani, ukanichukia kidogo. Hayo unayakumbuka.

Siku ya kutoka, yule msichana alikaa nami chini akanishika mkono. Alisema, "Huyu akikua apimwe presha, maana waliozaliwa hivi wengine hupanda mapema. Na siku akishika mimba, aende amwambie mkunga maneno mawili kabla ya yote: mama yangu alikuwa na presha ya mimba, na mimi nilizaliwa kabla ya siku zangu, mdogo. Mara nyingi inafuata damu. Hooyo, utakumbuka?"

Nikasema nitakumbuka. Nikakumbuka. Sikusema.

Tuliporudi hapa, miezi miwili imepita, wanawake walijaa uani. Wakauliza, mtoto kazaliwa wapi? Amina akanitazama mimi. Na mimi nikasema: hapa, kitandani kwangu, kabla ya jua, ila kwa kuwa alikuwa mdogo tukampeleka Kisimayu akapate nguvu. Neno lilitoka lenyewe. Babu yako na ndugu yake walikuwa wamekaa nje, walisikia, wakanyamaza, na sasa wote wawili wako chini ya mchanga na siri yangu. Kisha nikalipamba. Kila mwaka nililiongeza kidogo. Nikawa naonyesha kitanda. Wangapi mtaani hapa walisema, mtoto mdogo vile kazaliwa kwa bibi yake na amekua, basi na sisi tukae nyumbani? Sijui. Sijawahi kuuliza, na kutouliza kwangu nako ni kosa.

Ile kadi niliikuta juu ya samli, imelowa mafuta. Mama yako alinisomea. Mstari ule mwekundu ulikuwa unasema, arudi baada ya siku tatu. Basi. Siku tatu.

Miaka mingi nilisingizia ng'onda. Nilijiambia ni chumvi ya samaki wangu iliyomfanya vile, nikamnyima mama yako samaki mkavu, akawa anakula kwa jirani kama mwizi. Mpaka alipokuja mkunga mmoja na boti ya chanjo nikamuuliza, akasema, "Bibi, presha hii haikuletwa na samaki wako. Hata sisi hatujui vizuri inaletwa na nini. Tunajua tu kinachoua: kuchelewa." Nilipenda iwe samaki. Samaki unaweza kumtupa.

Sasa wewe.

Jumapili ulikuwa unakanda unga, pete ya ndoa imezama kidoleni, unaipaka sabuni haitoki. Nikajiambia ni joto. Jana nilikushika muundi nikakwambia natafuta mwiba. Hukuwa na mwiba. Nilibonyeza kwa dole gumba, nikaachia, na shimo likabaki pale kama la kidole kwenye unga. Halafu nikakuuliza, kana kwamba ni mazungumzo tu, huko kliniki walikuuliza nini? Ukasema, "Mengi. Waliuliza kama kwetu kuna presha ya mimba. Nikawaambia kwetu hatuna ugonjwa huo, mama alinizaa kitandani kwa bibi." Ulisema kwa fahari. Fahari hiyo nimekupa mimi.

Na leo asubuhi ukaniomba leso, ukajifunga kichwa. Ukakaza.

Nilipokuona hivyo sikukwambia pole. Nilikwambia kesho unaondoka, kwa sauti mbaya, kama mtu anayefukuza kuku. Kisha nikaenda ufukweni. Boti ipo, Shamsa. Nimeigusa kwa mkono. Ningekuondoa sasa hivi, lakini maji yametoka na imelala juu ya matope. Nahodha anacheka, ananiambia, "Bibi, uisukume wewe?" Maji ya jioni nahodha hayataki, hapiti mwambani gizani; yakijaa tena alfajiri inaelea, na wewe na mama yako mtakuwa wa kwanza kupanda. Petroli nimeitazama, imejaa, na nimemfanya aweke dumu jingine. Usiku huu utalala kwangu, unune au usinune. Ukiona vimulimuli, au ukisikia maumivu hapa chini ya mbavu, niamshe, hata kama ni mara kumi. Tutakubeba matopeni tukutie katika mtumbwi. Mlango wa jikoni nimeshaulegeza bawaba.

Mkifika, usiende kwa mumeo kwanza. Kutoka botini mpaka hospitali. Mpe mkunga karatasi hii, mama yako amsomee kile kipande cha yule msichana: mama alikuwa na presha, na mimi nilizaliwa kabla ya siku, mdogo. Wakisema ulale hapo, lala. Wakisema mtoto atolewe mapema, usilie kwamba bado hajaiva. Afadhali mtoto mdogo mikononi kuliko mwenye njaa ndani. Mashine ikiwa imejaa, kifua unacho, na mama yako anacho, na mimi nikiitwa nitakuja na changu, kizee lakini kina moto.

Nakuomba radhi. Sijui kuomba radhi, sikufundishwa. Nimemuuliza mama yako linaandikwaje, akasema linaandikwa kama linavyosemwa. Basi: niwie radhi, mwanangu. Na wewe Amina unayeandika, hilo liandike mara mbili, moja ni lako.

Anasema ameandika. Mimi sijui. Namwamini.

Safari ijayo usikae miaka minne. Arubaini yako ikipita na daktari akikuruhusu, njoo na mtoto. Mlaze juu ya kitanda kile, nitakuwa nimekitandikia. Wanawake watajaa uani, unawajua, na hawatamaliza hata kikombe cha kahawa kabla ya kuuliza kazaliwa wapi. Watanitazama mimi. Usiniachie. Jibu wewe, kwa sauti: hospitali, Kisimayu, kama mimi. Kisha mimi nitawapa kahawa, na nitawaambia yaliyobaki.

Bibi yako